Mlango kwenye Tumbo la Yaya

Majina yao wote ninayo. Jina la shangazi, la mama mkwe wangu, la yule mvuvi na la mama yake, hata la mbwa aliyekuwa akilala chini ya mitumbwi kule kijijini. Watoto wangu wananicheka, wanasema mama, kichwa chako ni kitabu cha parokia. Lakini hapa sitataja hata jina moja. Wako wajukuu ambao wanajua habari hii kwa namna nyingine, na hawakunikosea kitu. Mwenye kujua atajua.

Nilisoma kidogo tu kwa masista: kusoma, kuandika, kushona, basi. Kwa hiyo maneno yangu yakiingia njia ya Kingwana, Kiswahili chetu cha Kongo, yaacheni yaende.

Nianze na chale. Leo vijana wa mtaani kwetu Makiso wanajichora mikono kwa wino: nyoka, moyo, jina la mchumba ambaye masika yajayo atakuwa wa mtu mwingine. Mjukuu wangu mmoja alinionyesha ya kwake akitaka nisifu. Nilimwuliza nani aliyekupa ruhusa, akashangaa, akasema bibi, ruhusa ya nini, ngozi si yangu? Wakati wetu ngozi ya msichana haikuwa yake peke yake.

Sisi ni watu wa mto, wa upande wa chini ukitoka Kisangani, ukipita Yanonge. Kwetu mtoto wa kike alianza kuchanjwa usoni angali mdogo. Mistari ya vinundu ilitoka kwenye paji la uso, ikashuka juu ya pua, ikageuka kwenda mashavuni. Mchanjaji alikuwa na ndoano ndogo na kisu chembamba kama jani. Anainua ngozi kwa ndoano, anakata, anaachia. Anainua, anakata, anaachia. Halafu anapaka masizi na mawese, na kidonda kinaachwa kiote. Kikipona, kinabaki kinundu kigumu, laini juu, kama punje ya hindi. Kwa Lingala tunaita nzoloko. Mtu wa mto alikuona kwa mbali, kabla hujafungua kinywa, na alijua umetoka kwa nani.

Hizo zilikuwa za uso. Za tumboni zilingoja uchumba. Zilizunguka kitovu, mstari nyuma ya mstari, kama uzio wa kunasia samaki unavyozunguka maji, na upande mmoja ziliacha nafasi ya vidole viwili hivi bila kuchanjwa. Ile nafasi tuliiita mlango. Msichana mwenye mlango wazi ni mtu wa nyumba fulani, ila bado hajaingia. Siku anayoingia, mke mmojawapo wa nyumba ile ndiye anaufunga, kwa kisu, mbele ya wanawake. Mama mkwe hagusi. Mama mkwe kuona tumbo la mke wa mwanawe ilikuwa aibu ambayo hata mvua haioshi.

Na kama mwanaume amemwacha kabla hajamwingiza? Sheria ilikuwapo pia. Mlango wake ulifungwa na yule mwanamke aliyekalia mahali pake, ndipo akawa huru. Huyo peke yake. Asipofungwa, anabaki mtu wa nyumba ile, hata nyumba ile isipomtaka, na mwanaume mwingine hawezi kumgusa bila kuitwa mwizi. Wanawake tulioga mtoni pamoja, wote tuliona matumbo ya wote. Hakukuwa na njia ya kuficha.

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alikulia kijijini kwa shangazi. Shangazi hakuzaa, na papa alimpa yule mtoto wa kwanza, kama watu walivyofanya. Mimi nilizaliwa mjini, mahali ambapo Wazungu walipaita kwa jina lao na sisi tulipaita Kisangani, kwa sababu papa alikuwa akipakia magunia ya kahawa bandarini. Shangazi ndiye alikuwa mchanjaji. Uso wa yaya ulikuwa kazi yake nzuri kuliko zote, watu walisimamisha mtumbwi ili kuutazama.

Mimi sikuchanjwa. Masista waliwarudisha nyumbani wasichana wenye vidonda usoni, na papa alitaka nisome. Kila tulipoteremka na masua, ile meli ya mtoni, kwenda kijijini, shangazi alinishika kidevu na kunigeuza huku na huku, mbele ya watu, akasema, “Huyu munaniletea kila mwaka sahani tupu. Mungeweka basi hata kisamaki kimoja.” Walicheka. Yaya naye alicheka, lakini yeye jioni alinichora kwa mkaa mistari yake yote, akaniambia nisinawe mpaka kesho. Nilikuwa na wivu na uso ule. Naandika hivyo wazi kwa sababu neno hilo wivu litarudi, na si kwa njia niliyoijua.

Basi akatokea karani. Alikuwa mtoto wa watu wa mto kama sisi, mwana wa pekee wa mama mjane, anafanya kazi katika ofisi moja mjini, anapiga mashine ya kuandika. Papa na wajomba zake walikubaliana kwamba atamwoa yaya. Vitu vya mahari vililetwa, vikagawanywa kwa wazee wetu. Kilichobaki kilikuwa kungoja likizo yake.

Hapo papa alifanya kosa lake. Aliogopa. Karani alikuwa anapanda, kila mwezi anavaa viatu vingine, na baba wengine katika mtaa wetu walikuwa na mabinti wanaosema bonjour. Papa akatuma neno kwa shangazi: mchanje tumbo sasa, uache mlango. Shangazi alirudisha jibu kwa baharia wa masua kwamba yeye hachanji tumbo kwa jina la watu ambao hawajasimama mbele ya nyumba yake. Papa akatuma tena. Mimi mwenyewe nilimsikia akimweleza mama, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ana furaha ya mtu aliyepata werevu. Alisema nyumba haiwezi kumkataa mtoto ambaye ameshachanjwa kwa jina lake. Alisema ile ni kufuli.

Ilikuwa kufuli kweli. Ila hakuangalia nani yuko ndani.

Shangazi alichanja. Yaya alivumilia kiangazi chote amelala chali kwenye mkeka, na mistari ilipona vizuri, ikabaki na mlango wake.

Karani alikuja nyumbani kwetu siku ya mapumziko, saa za mchana. Alitandika kitambaa chake cha mfukoni juu ya kiti kabla ya kukaa. Alimwambia papa kwamba yeye hana ugomvi na mtu, na vitu alivyotoa hadai. Lakini ameomba ile karata ambayo Wazungu walikuwa wakiwapa watu weusi waliohesabiwa kuwa wastaarabu, na kabla ya kutoa karata Wazungu wanakuja nyumbani. Wanatazama kitanda, wanatazama sahani, wanatazama choo. Wanamtazama na mke. Mke mwenye uso ule, alisema, wataandika kwamba nyumba hii bado iko porini. Alisema kwa sauti ya upole, kama daktari. Hakuna Mzungu aliyemwambia neno lile, nilikuja kujua baadaye. Waliambiana wao kwa wao, makarani.

Papa alibaki akitazama mikono yake. Karani akageuza macho upande wa jiko, mahali nilipokuwa nikichambua sombe, majani ya mihogo.

“Na huyu mudogo?” alisema. “Huyu iko propre, safi.”

Mama aliacha kutwanga. Nilingoja papa aseme kitu. Vitu vilikuwa vimeshagawanywa, wazee wameshavaa zile nguo, mbuzi ameshaliwa, na kumpa mdogo badala ya mkubwa halikuwa jambo jipya kwetu, ilifanyika pale mkubwa alipokufa. Yaya hakuwa amekufa. Papa alisema tutaongea. Mama akaanza kutwanga tena, na nikajua wameshaongea.

Nilimwuliza mama nani atamwambia yaya. Alisema masua itamwambia.

Niliolewa kanisani. Kabla ya ndoa na baada, nilipelekwa kwenye ile nyumba ambapo wanawake wa Kizungu walitufundisha kupiga pasi, kutandika kitanda, kuosha mtoto katika beseni. Tulipata nyumba ya matofali yenye dirisha la kioo. Watu wanaponisikia wanataka niseme karani alinipiga. Hakunipiga. Alinisahihisha. Tulikula samaki kwa uma, na miiba ikatuingia kooni kwa sababu ya adabu. Mama mkwe wangu, aliyekaa nasi, alikula jikoni kwa mkono wake na kushiba. Yeye alikuwa na chale usoni za mtindo wa zamani, nene, mpaka kidevuni. Wageni wakija, mwanawe alimwomba asitoke nje. Alisema bon, mimi ni kuku, mnanifungia, na akaenda.

Siku ya Wazungu ilifika. Waliingia wawili, mwanaume mwenye kamera kifuani na mwanamke mwenye karatasi. Kuku tulikuwa tumewahamishia kwa jirani. Nilikuwa nimevaa gauni lenye kola, nywele zimenyooshwa chini ya kitambaa, uso wangu umepakwa mafuta kidogo. Yule mwanamke alifungua kabati, akahesabu visu, akapapasa kitanda. Usoni mwangu hakuniangalia hata mara moja. Ningekuwa na pembe asingeziona.

Mwanaume aliomba kuona jiko. Bwana wangu alisema jiko ni chafu leo, lakini yule alishafika mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda anapalia moto. Mzungu akasimama. Akaita mwenzake. Akaomba kwa heshima, kwa mikono miwili, mama mzee atoke nje penye mwanga. Alimpiga picha upande huu, upande ule, akasogea karibu mpaka nikafikiri atamgusa. Alikuwa na furaha kama mtoto. Alimwuliza bwana wangu nani aliyefanya kazi nzuri hivi, na kama katika jamaa wako bado wasichana wenye alama kama hizi, angependa kuwaona.

“Non, monsieur,” bwana wangu alisema. “C'est fini chez nous.” Yaani kwetu yamekwisha.

Karata aliipata. Aliiweka katika mfuko wa shati, upande wa moyo, na jirani walikuja kunywa.

Mama mkwe hakunywa. Siku mbili tatu baadaye, tukiwa tunamenya mihogo, aliniambia bila kuinua kichwa, “Ule muzungu alipenda sura yangu.”

Nilisema ndiyo, mama, nilimwona.

“Donc sura haikuwa kosa.” Akamenya mhogo mwingine. “Alors ule mutoto tulimuacha kwa sababu gani?”

Nilikuwa nimekaa katika jibu lenyewe.

Tangu nilipoolewa yaya hakuniletea neno. Mimi nilimpelekea sabuni na kitenge kwa masua, na masua ilinirudishia. Sasa ilikuja habari kwa mdomo wa mwanamke muuza samaki. Mvuvi mmoja wa Barumbu, mtu mzima, mkewe amekufa, alikuwa akipita kijijini kwetu na nyavu zake, na alimtaka yaya. Alimtaka na uso wake na umri wake. Mama yake naye alikubali, kwa sharti moja tu: mlango ufungwe kwanza. Alisema hatajenga nyumba ya mwanawe juu ya kiwanja cha watu. Maji ya mto yakianza kupungua atakuja mwenyewe, atatazama. Kama mlango bado uko wazi, ataondoka na hatarudi.

Yaya hakuwa na wa kumngojea mwingine. Sisi tulijua, na yeye alijua, na aliyeweza kuufunga mlango na kumtoa katika nyumba yetu alikuwa mtu mmoja, nami nilikuwa nimekaa mjini napiga pasi mashati.

Mama mkwe aliliweka neno hilo mezani, mbele ya mwanawe, wakati wa chakula. Yeye akaweka uma chini. Akasema mke wake hatashika kisu cha porini. Akasema karata inaweza kuchukuliwa kama ilivyotolewa, na ofisini kuna watu wanaongoja tu kusikia kitu kama hicho. Mama yake akamsikiliza mpaka mwisho.

“Ile karata haikutoka mu tumbo yangu,” alisema. “Weye njo ulitoka humo. Na sasa ninaanza kujuta.”

Hatukuomba tena. Baada ya juma moja mama mkwe alimwambia mwanawe kwamba ndugu yake wa Yanonge anaumwa na nitamsindikiza. Tulipanda masua na kapu la kwanga, ile mikate ya mihogo, na chini yake kisu cha kuchanjia, ambacho alikuwa amekitunza tangu enzi za mama yake. Njiani alinifundisha kwenye ngozi ya ndizi: inua, kata, achia. Niliharibu ndizi nyingi. Alisema haidhuru, hutakiwi kuwa fundi, unatakiwa kuwa wewe.

Kijijini shangazi alitupokea bila kusimama. Alikuwa amezeeka. Nilisema nimekuja kwa ajili ya yaya, naye akanionyesha kwa kidevu tu, nyuma ya nyumba.

Yaya alikuwa anaosha mihogo katika beseni. Uso wake ulikuwa vilevile, mzuri, mzuri kabisa, na ulikuwa umefungwa kama duka.

“Umekuya na kisu?” aliniuliza.

Nikasema iko kwa mama mkwe.

“Mumuambie alale nayo.”

Akasimama, akafungua kitenge. Mlango ulikuwa umefungwa. Vidonda vilikuwa vimeshaanza kuwa vinundu, vyekundu bado pembeni, kimoja kikubwa, kimoja kidogo, kimoja kimepasuka na kupona vibaya. Mistari ya shangazi yote iliinamia nje, kama magamba ya samaki. Hii iliinamia ndani. Nilielewa polepole. Mtu anayejitazama tumbo anaona chini juu.

Aliniambia kidogo kidogo, anafunga kitenge. Alikuwa amepanda mtumbwi kwenda Yangambi, kuuza kwanga kwa wafanyakazi wa yale mashamba ya Wazungu, na amechukua ndoano katika kapu la shangazi. Alilala kwa mwanamke mmoja wa kwetu aliyeolewa huko. Alifanya peke yake, ameuma kitambaa.

“Nilingoja mutu akuye,” alisema. “Mvua ilipita, ikarudi. Niliona hakuna mutu ananikumbuka. Nikafunga.”

Nikamwambia lakini yaya, unajua haihesabiwi. Akasema anajua. Wanawake mtoni walikuwa wameshaona na walimtungia maneno. Walikuwa wakiulizana kwa sauti, kila akifika kuoga: ni mjinga gani huyu anayefunga mlango wa jirani na yeye mwenyewe yuko ndani? Walicheka mpaka wakapiga maji kwa mikono.

Nilisema nifungue pale na kufunga upya. Nililia nikisema. Shangazi, aliyekuwa amekuja nyuma yangu, alisema ngozi si nguo, haifumuliwi. Ukikata juu ya kidonda kibichi utamwua.

Kesho yake, jua likiwa juu, mama wa mvuvi alifika na wanawake wawili wa kwao. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye heshima. Alikuwa amekwisha sikia vicheko tangu ufukweni. Hakukubali kula kwanza. Tuliingia nyumbani kwa shangazi, wanawake tu, na yaya akaambiwa afungue kitenge. Mama mkwe wangu aligeuka, akaelekea ukutani, kwa ile aibu niliyoisema. Yaya hakuwa mke wa mwanawe na hakuwahi kuwa, lakini aligeuka.

Mama wa mvuvi alitazama kwa muda mrefu.

“Nani alifunga?” aliuliza.

Nilimwona yaya anavuta pumzi. Nilimjua. Hakuwa amewahi kusema uongo, hata utotoni, hata wa kuokoa mgongo wake. Alikuwa anakwenda kusema ni mimi mwenyewe, na yule mwanamke angeshika kasia lake na kuondoka, na mambo yangekwisha hapo, kwa siku zote za maisha yake.

Mama mkwe alisema kabla yake, uso ukutani. “Ni muke wa mutoto yangu. Alimufungia kwangu, Kisangani. Ule wakati mulisema alienda Yangambi.”

Mama wa mvuvi akanigeukia, akaniangalia kuanzia viatu.

“Ni weye?”

Yaya alikuwa ananitazama. Sikuweza kusoma anataka nini. Labda alitaka nikatae. Mpaka leo sijui.

“Ni miye, mama,” nikasema.

Hakuridhika. Alimwita shangazi, akamwambia, kwa heshima, kwamba yeye ni fundi na mto wote unamjua: je, huu ni mkono wa mtu mwingine? Shangazi alipiga magoti, akapitisha kidole gumba juu ya vile vinundu, kimoja baada ya kimoja. Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, mwelekeo ule wa kukata haukuwa wa mtu aliyeketi mbele ya yaya.

“Hii ni mukono ya mutu hakufundishwa,” alisema.

Mama wa mvuvi alitazama mikono yangu, iliyokuwa na kucha safi, kisha akacheka kwa mara ya kwanza. “Basi ni ya muke wa karani,” alisema, na wenzake wakacheka, na hewa ikarudi ndani ya nyumba.

Nilifikiri yamekwisha. Nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kujua, kwamba aliyefungwa anamshukuru aliyemfunga. Mama wa mvuvi hakusahau. Alisema anataka kuona shukrani, ndipo atakula. Shangazi alileta mawese katika kibakuli, akakiweka chini, na kutoka nje. Hakutaka kuona.

Yaya alinipigia magoti. Mkubwa wangu. Alichovya vidole katika mawese, akashika mkono wangu wa kuume, mkono ambao haukuwa umeshika kitu, akaupaka kuanzia kiganja mpaka kwenye kifundo, taratibu, kama inavyotakiwa, hakuruka hata kidole. Kichwa chake kilikuwa chini na niliona mstari wa kwanza wa paji la uso wake, ule niliokuwa nikiutamani. Akasema aksanti, kwa sauti ya kusikika na wote. Halafu akaubana ule mkono mpaka mifupa ikagusana.

“Mukono yako iko laini,” aliniambia, chini, mimi peke yangu.

Aliondoka nao mchana uleule. Hakugeuka. Mama mkwe alisimama ufukweni mpaka mtumbwi ukapotea nyuma ya kisiwa, mimi nilikuwa nimeshaenda nyuma ya nyumba kunawa yale mawese.

Habari ilipanda mto kabla yetu. Bwana wangu aliipata ofisini, kwamba mke wake huchanja watu matumbo, na kwa miezi mingi hakula chakula nilichopika. Mama yake hakumweleza ukweli, wala mimi. Kumweleza yeye ilikuwa kumweleza mto mzima, na yaya angerudishwa. Ile karata aliyoiogopea hakuna aliyeichukua. Wazungu wenyewe waliondoka, na baadaye, waasi walipowasaka makarani wa Wazungu, aliichimbia shimo nyuma ya choo kwa mikono yake, kwa sababu kukutwa nayo kulikuwa kuomba kifo. Sikumcheka. Nilimshikia jembe.

Yaya alizaa huko Barumbu. Wavulana, na msichana mmoja ambaye hakumchanja. Nilizijua habari zake kwa wauza samaki tu. Nilituma vitu, na sasa havikurudishwa, lakini neno halikuja.

Siku moja sokoni nilinunua samaki wa moshi kwa mwanamke kijana aliyetoka kulekule. Hakunijua mimi ni nani. Nilimwuliza juu ya yaya kama mtu anayeuliza juu ya jirani wa zamani. Alisema anamjua vizuri, ni mama anayeheshimiwa, uso wake watu bado wanausifu. Ila tumbo, alisema, ukimwona akioga, unasikia huruma. Ana mdogo wake mjini, mke wa mkubwa mmoja, ndiye alimwibia mwanaume, na siku ya kumfunga mlango akamkata ovyo, makusudi, kwa wivu, ili yule bwana mwingine asimpende.

Nikamwuliza nani anayesimulia hivyo.

“Yeye mwenyewe,” alisema.

Nilifikiri juu ya hilo. Mtu ambaye hakujua kusema uongo alikuwa amejifunza mmoja, na ulikuwa unamfaa, ulikuwa unamweka kwenye nyumba yake, na watoto wake wanakua juu yake. Ningesema nini? Ningefungua kinywa pale kati ya meza za samaki, na mlango ungefunguka tena. Nikasema ndiyo, hata mimi nilisikia hivyo, nilisikia huyo mdogo ana roho mbaya. Nikamwambia anichagulie samaki mwingine, yule wa kwanza alikuwa na wadudu.